Pazia Ligeuzwe

Mtaani walimwita Redio, wala si kwa sababu alikuwa nayo. Alikuwa msusi mwenye saluni ya chumba kimoja, kioo kikubwa chenye ufa pembeni, viti vya plastiki, na mdomo usio na swichi ya kuuzima. Ukiingia kusukwa asubuhi, ukitoka mchana unajua nani kaachwa, nani karudiwa, nani anajenga na nani anadanganya kwamba anajenga. Wateja wengine, tuseme kweli, nywele zao hazikuwa na neno. Walikwenda kusikiliza.

Sasa mtu wa namna hiyo akipatwa na jambo, jambo lenyewe halina pa kujificha. Redio aliibiwa. Mchana kweupe, siku ya mvua, saluni haina mteja hata wa dawa, aliingia mwanamume aliyejifunga kitambaa usoni, akafunga mlango kwa ndani, akachukua mkasi wa Redio mwenyewe na kumwekea Redio mwenyewe shingoni. Aliondoka na mauzo ya siku, simu, na draya zote za kukaushia nywele. Hayo hayana ubishi. Mvua ilipokatika, Mama Mitumba, jirani anayeuza nguo kuukuu kibanda cha pili, alikuja mbio mikono kichwani, akamkuta mwenzake amekaa sakafuni. Akamuuliza swali ambalo kila aliyeibiwa huulizwa.

"Ehe! Na wewe ukamfanya nini?"

Swali hilo ukilichunguza lina lawama ndani yake, ila limevikwa huruma. Redio alitafuta jibu, macho yake yakaangukia kitana cha moto, kile cha kunyooshea nywele, kikiwa juu ya jiko lake dogo.

"Nilimchoma," akasema. "Begani. Alilia huyo!"

Basi. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya Redio hakujaribu hata kuyazoa. Jioni ile kitana kilikuwa kimemchoma mwizi bega. Kesho yake kilikuwa kimemchoma bega na sikio. Wiki ilipokwisha mwizi alikuwa mrefu wa kuinama mlangoni, ana mkasi mkono huu na panga mkono ule, na Redio alikuwa amemfukuza pekupeku hadi kwa kinyozi. Kinyozi naye, ambaye siku ile hakufungua duka kabisa, akaanza kukumbuka kwamba aliwaona wakipita.

Ukweli tuuseme sisi, maana mwenyewe alikuwa hausemi. Redio alipiga magoti. Mtu ambaye angeweza kumzaa, alimwita "baba". Mkebe wa pesa ambao mwizi hakuwa ameuona, alimwonyesha yeye. Mkoba wa mwizi ulipokuwa unajifunga funga, aliushika yeye, akautanua mdomo, ili mwizi apakie vizuri. Na ilipofika zamu ya draya ya bluu, ile hamu ya kumpendeza mwenye mkasi ikamtoa maneno haya: "Hiyo uiangalie, baba, inapiga shoti." Mwizi, akiwa ameinama na kazi yake, akajibu bila kufikiri, "Haipigi tena. Si niliitengeneza?"

Hapo ndipo alipomjua. Ilikuwa sauti ya fundi umeme wa mtaa wa nyuma, aliyekuja siku chache kabla na bisibisi zake, akaifungua draya ile ile, akanywa chai ya saluni na kuvicheka vichekesho vya saluni mpaka akasahau kofia yake.

Ungedhani maneno kama hayo mtu angeyakimbiza polisi yakiwa bado ya moto. Lakini Redio hakwenda polisi peke yake. Alisindikizwa na Mama Mitumba, na wateja wenye nafasi, na wasio na nafasi pia, wakajaza benchi la kituo na kumtazama kwa fahari kama bibi harusi. Askari aliyeandika maelezo akamuuliza amemtambuaje mwizi. Redio akageuka, akaziona zile nyuso. Angelitoaje neno la mwizi bila kulitoa na lile lake lililotangulia? Na angelitoaje lake bila kutoa magoti, na mkebe, na mkoba alioushika? Vilikuwa vimefungwa mzigo mmoja, ukivuta kimoja umevuta vyote.

"Nilimtambua kwa sauti," akasema, akaishia hapo. Kitana hakukitaja, kwani maelezo ya polisi hutiwa sahihi. Fundi akakamatwa, draya hazikuonekana, na kesi ikaenda mahakamani ikiwa imeegemea sikio la msusi.

Mahakama nayo ilikuwa ndiyo kwanza imeanzisha huduma kwa mashahidi. Stoo ya viti vibovu ilikuwa imepakwa rangi ya kutuliza moyo, viti vikapigwa misumari vikabaki humo humo, ukutani likabandikwa bango lisemalo SHAHIDI, HAUKO PEKE YAKO. Juu ya meza kulikuwa na boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na nyuma ya meza mhudumu, binti mmoja mpole wa sauti ya chini, aliyefunzwa kazi hiyo na akaipenda. Alimwita Redio siku kadhaa kabla ya kesi ili amzoeshe mahali.

"Mama, siku yenyewe unaruhusiwa kuja na mtu wa kukupa moyo," alimwambia. "Mtu mmoja, unayemwamini."

"Mmoja tu?"

"Ndio utaratibu. Wengine wakija watakaa kule kwenye mabenchi ya wasikilizaji."

"Mwanangu, mimi nina watu," Redio akasema, akajiweka sawa kitini.

Mhudumu alimpeleka kwenye chumba cha mahakama kikiwa kitupu. Hapa atasimama yeye, pale hakimu, kule mshtakiwa na askari wake. Kisha akamwonyesha kitu alichokuwa anajivunia kuliko vyote, pazia la kijani la magurudumu, lililoazimwa zahanati, ambako lilikuwa likiwasitiri watu wanaochomwa sindano pasipo pa kuonyesha watu.

"Tukiliweka hapa, mama, wewe humwoni yeye na yeye hakuoni. Hutahangaika naye kabisa."

"Na wale wa kwenye mabenchi?"

"Hao unawaona wote vizuri," mhudumu akasema kwa furaha. "Ukiishiwa nguvu, unawatazama wao."

Redio akamtazama yule binti, akamwona ana uso wa mtu anayeweza kuambiwa jambo. "Hivi mwanangu, tuseme shahidi, si mimi, shahidi tu. Tuseme huko nje amezungumza hivi, halafu kumbe ilikuwa vile..."

Mhudumu aliinua mikono upesi. "Hapo nikuzuie, mama yangu. Ushahidi wako siruhusiwi kuusikia. Kazi yangu ni kukusaidia, si kukufundisha la kusema. Wewe sema ukweli tu. Na wewe pia, mambo ya kesi usimzungumzie mtu yeyote."

"Mimi?" Redio akauliza. "Kwani mimi nina maneno?"

Mhudumu, ambaye hakuwa wa mtaa ule, akaridhika. Kwa hiyo huduma ya kumsikiliza shahidi ikamsindikiza shahidi hadi getini, ikiwa haijaruhusiwa kusikia kitu. Redio alitembea hadi nyumbani kwa miguu akijipangia maneno. Kila alipoanza, "Mimi nilipiga magoti," ulimi ulikataa, ukarudi kwenye kitana ulichokizoea.

Siku ya kesi walikuja wote. Mama Mitumba alikuwa ametoa wazo kwamba washone sare, watu wakapiga hesabu wakaona bora wasukwe mtindo mmoja, na kwa kuwa msusi alikuwa mwenye kesi, aliwasuka bure. Jana yake alisimama kutwa nzima akiwasuka mistari ya kwenda nyuma yenye fundo kisogoni, kichwa baada ya kichwa, huku wao wakimpa moyo kwa kumsimulia alivyokuwa jasiri. Asubuhi alifika mahakamani miguu imemvimba. Mhudumu alipoyaona yale mafundo yakijaa kwenye ukumbi alijaribu kuyahesabu, akaachia njiani.

"Mama, nilisema mmoja."

"Huyo mmoja ni Mama Mitumba," Redio akasema. "Hawa wengine wamemsindikiza Mama Mitumba."

Akaingizwa kwenye chumba chake cha rangi ya kutuliza moyo akae asubiri. Chumba kilikuwa na kila kitu isipokuwa ukuta wa maana. Upande wa pili, kwenye benchi la ukumbini, Mama Mitumba alikuwa ameshaanza kuwasimulia watu waliokuja kwa kesi zao wenyewe. Mtu mmoja mstaarabu, mwenye suti nyeusi, aliyekuwa mwisho wa benchi akimenya karanga, alivutiwa sana. Aliguna panapostahili, akacheka panapostahili, akawasogezea na karanga.

"Kwa hiyo alimchoma kweli kweli?" Redio alimsikia akiuliza.

"Ngozi ilibaki kwenye kitana!" akajibu Mama Mitumba.

"Masikini. Bega lipi?"

"La kulia!" wakajibu wote pamoja, na Redio kule ndani akafumba macho. Yule mtu akashukuru, akakung'uta maganda kwenye suti yake, akachukua mkoba wake wa makaratasi na kuingia mahakamani kumtetea fundi umeme.

Mambo yalianza vizuri. Pazia lilikuwa mahali pake. Wakili wa mshtakiwa alikuwa amelipinga mapema, akisema linamfanya mteja wake aonekane mnyama wa kufungiwa, lakini hakimu, mzee mwembamba mwenye miwani ya kusomea, alimkatalia. Mwendesha mashtaka akamuuliza Redio maswali mepesi, naye akajibu kwa sauti ndogo. Ndiyo, mvua ilikuwa inanyesha. Ndiyo, mkasi ulikuwa wake. Ndiyo, alimtambua mtu kwa sauti. Kila alipoinua macho alikutana na vile vichwa alivyovisuka kwa mkono wake, vimejipanga safu kwa safu vikimtikisia kwa upendo. Alitamani kuutazama ukuta.

Kisha wakili akasimama, akafunga kifungo cha suti.

"Mama, kwanza nikupe pole. Halafu nikupe hongera. Nasikia wewe ni mwanamke shujaa."

"Saana!" mabenchi yakaitikia.

Hakimu aliwatazama kwa juu ya miwani, wakatulia.

"Ni kweli ulimchoma mwizi kwa kitana cha moto, bega la kulia?"

Redio alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kuongea, mdomo ulifunguka na hakikutoka kitu. Akisema ndiyo, amedanganya mbele ya hakimu baada ya kuapa. Akisema hapana, amedanganya mbele ya mtaa mzima, tena kwa miezi, na hao watu kesho ndio watakaokuja kukaa kwenye viti vyake na kumtazama kwenye kioo. Alibaki ameshikilia ubao wa kizimba. Pembeni, mhudumu akamwonyesha kwa mkono, pumua, ingiza, toa. Redio akaingiza, akatoa. Akawa na hewa nyingi na jibu hana.

Kimya hicho Mama Mitumba alikivumilia mpaka kikamshinda. Akasimama.

"Sema, shoga! Usimwogope! Mwambie ulivyomkaanga!"

"Huyo mama akirudia, atoke nje," akasema hakimu. Mama Mitumba akakaa, kiganja mdomoni, akiwa ameshamaliza kazi.

Wakili hakuficha meno. "Mheshimiwa, naomba mteja wangu avue shati."

Fundi alivua. Redio hakumwona, pazia lilikuwa linamsaidia, lakini aliziona nyuso za wenzake. Zilinyoosha shingo, zikatazama bega la kulia, zikahamia la kushoto zikidhani labda wamekosea bega, zikarudi la kulia. Kisha zikamgeukia yeye. Hapakuwa na kovu wala alama ya kovu.

"Chagua, mama," akasema wakili, sasa bila tabasamu. "Ama mwizi wako ni mtu mwingine na anatembea huko nje na kovu lake, ama hujamchoma mtu, na anayeweza kutunga hilo anaweza kutunga na sauti. Mteja wangu ana watoto. Ameozea mahabusu kwa hadithi ya saluni. Nasubiri."

Jambo la ajabu ni kwamba yule mtu wa nyuma ya pazia, aliyemwekea mkasi shingoni, Redio hakuwa anamwogopa hata kidogo wakati ule. Aliwaogopa waliokuja kumpenda. Alitazama magurudumu ya pazia, akatazama mabenchi, ikamjia.

"Mheshimiwa," akasema, "hili pazia linageuka?"

"Ligeuke vipi?"

"Litolewe huku liwekwe kule." Akaonyesha kwa kidevu. "Litutenge mimi na wale."

Hakimu akavua miwani. "Wale si ndugu na marafiki zako? Nimeambiwa wamekuja kukupa moyo."

"Ndio hao hao, mheshimiwa."

"Unaelewa kwamba likigeuzwa mshtakiwa atakuona? Nawe utamwona, ana kwa ana?"

"Huyo hana neno," Redio akasema. "Huyo alikuwepo."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa imekaa pale kizimbani inafunga vifungo vya shati. Mwendesha mashtaka alimtazama mhudumu, mhudumu akamtazama hakimu. Katika mafunzo yake yote hakuna aliyemwambia kuhusu shahidi wa kukingwa na watu wake. Wakili alisimama kupinga, akakumbuka kwamba asubuhi yeye ndiye aliyetaka pazia litoke mbele ya mteja wake, akakaa.

"Ligeuzwe," akasema hakimu.

Mhudumu na karani wakalisukuma. Gurudumu moja lilikuwa bovu, likapiga kelele chumba kizima hadi likafika, likaziba safu za mbele, fundo moja baada ya jingine. Nyuma yake ikasikika minong'ono, kisha ikakatika.

Redio akamgeukia fundi. Alikuwa amekonda. Macho yao yakakutana, na fundi ndiye aliyeyatoa ya kwake kwanza.

"Sikumchoma mtu," akasema Redio. "Kitana kilikuwa kwenye jiko, na mimi nilikuwa chini. Nilipiga magoti. Nilimwita baba. Nilimwambia usiniue, baba, pesa nyingine ziko kwenye mkebe ule pale, kwa sababu niliona hajaziona na niliogopa akizikuta mwenyewe atakasirika. Mkoba wake nilimshikia mimi. Hivi." Akainua mikono, akaitanua kwa namna ile ile ya siku ile. "Nilimshikia akapakia vitu vyangu, na nilikuwa nautanua vizuri ili asipate shida."

Alijua kitambaa kinaziba uso tu, hakizibi sauti. Kila neno lilikuwa linapita na kuwafikia. Hata hivyo hakulazimika kuziona nyuso zikilipokea, na hilo lilimtosha aendelee.

"Aliposhika draya ya bluu nikamwambia aiangalie, inapiga shoti. Akasema, 'Haipigi tena. Si niliitengeneza?' Ndipo nikajua ni nani."

"Neno hilo ulimwambia polisi?" akauliza wakili upesi.

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ningemwambia na magoti."

Hakimu alikuwa anaandika kwa mkono, taratibu, kila neno. Alipofika mwisho wa mstari akauliza, pengine kwa ajili ya kumbukumbu tu, pengine kwa sababu hata mahakimu ni watu na wana draya nyumbani, "Na kweli ilikuwa haipigi tena?"

"Ilikuwa inapiga, mheshimiwa," akasema Redio. Ukweli ulikuwa umeshafunguliwa na haukujua tena pa kukomea. "Tena vibaya kuliko mwanzo. Yule fundi alikunywa chai yangu bure, kazi hakuijua."

"Uongo!"

Kila mtu aliruka. Fundi alikuwa amesimama, mkono wa askari begani mwake, lile bega safi.

"Uongo mtupu, mheshimiwa! Ananiharibia jina! Ile draya niliitia waya mpya, mimi mwenyewe! Muulizeni aliyeinunua, mpaka leo hajalalamika!"

Wakili aliweka kalamu mezani kwa uangalifu mkubwa, akaipanga ilingane na ukingo wa karatasi. Fundi alimtazama wakili wake, akamtazama askari, mwisho akamtazama Redio. Mtu aliyekuwa amekaa mahabusu muda wote ule bila kuteleza neno, mwenye bega safi la kumtoa mlangoni, alikuwa ameponzwa na mdomo wake kwa kutetea waya. Lakini tusimcheke sana. Kila mtu ana jina analolilinda, na yeye lake lilikuwa la ufundi.

Mwendesha mashtaka aliomba kesi iahirishwe ili huyo aliyeinunua draya atafutwe aulizwe kama analalamika. Hakimu akakubali. Fundi akarudishwa mahabusu, akiwa bado anamweleza askari habari za waya. Pazia likasukumwa pembeni kwa kelele zake, na nyuma yake mabenchi yakaonekana yako matupu. Wanawake walikuwa wametangulia nje.

Redio alitoka akiwa amejiandaa. Wakicheka, atavumilia. Wakimnunia, atavumilia, hata kama saluni itakaa wiki bila mteja. Alichokuwa hajajiandaa nacho ni mikono ya Mama Mitumba, iliyomdaka mlangoni na kumnyanyua.

"Shoga, wewe si mtu! Kumbe magoti yale ulikuwa unamtega!"

"Nilikuwa nam... nini?"

"Amemtega!" Mama Mitumba akawageukia wenzake, na watu wa kesi nyingine, na askari wa mlangoni. "Alimjua tangu anaingia! Akasema ngoja nijishushe, ngoja nimwite baba. Halafu akamrushia ile ya shoti makusudi, mwizi ajitaje mwenyewe! Na leo tena kamrudia hivyo hivyo, mbele ya hakimu! Mmeona akili hiyo?"

Waliona. Mmoja alisema hata lile pazia aliligeuza ili fundi asikwepe macho yake. Mwingine akasema kitana hakukitumia kwa sababu angemchoma, mwizi angekimbia kabla ya kujitaja. Ndani ya muda mfupi hadithi ilikuwa imesimama tena kwa miguu yake, nzuri kuliko ile ya kwanza, na Redio akiwa katikati yake hana pa kutokea.

"Hapana," akasema. "Jamani, hapana. Niliogopa."

Wakacheka. "Redio na vituko vyake!"

"Mama Mitumba, nisikilize. Niliogopa. Niliogopa mpaka nikajikojolea. Uliponikuta sakafuni yale hayakuwa maji ya mvua."

Kicheko kilipungua, kikaisha. Mama Mitumba alitazama huku na huku kuona nani amesikia. Kisha akamsogelea, akamtengeneza ukosi wa gauni, akamwambia kwa upendo wote aliokuwa nao, "Hiyo usiiseme, shoga. Hiyo tutaiacha."

Mhudumu ndiye aliyemtoa pale. Alimshika mkono akampitisha katikati yao hadi kwenye chumba cha mashahidi, akamkalisha, akaketi nyuma ya meza. Kulikuwa na maswali ambayo ofisi ilimtaka amuulize kila shahidi akimaliza, na yeye alikuwa mtu wa kufuata utaratibu.

"Mama, unaona ulipata msaada wa kutosha?"

"Wa kutosha na wa kubaki, mwanangu," akasema Redio. "Nusura uniue."

Mhudumu hakuuliza swali la pili. Mlango ukagongwa, Mama Mitumba akachungulia, na nyuma yake mafundo kadhaa. Walitaka kumchukua shujaa wao wakamzungushe mtaani. Mhudumu aliinuka. Kwa ile sauti yake ya chini akawaambia kwamba anayeruhusiwa ni mtu mmoja, na kwamba leo huyo mtu mmoja ni yeye. Mama Mitumba alianza kusema neno. Mlango ukafungwa, na ufunguo ukazungushwa.

Ukumbini sauti zilisogea mbali kidogo kidogo, zikisimulia. Redio alikaa ameitazama mikono yake. Ilikuwa bado imetanuka kidogo mapajani, kama imeshika mdomo wa kitu. Aliikunja, ikakataa. Mtetemo ukaanzia hapo ukapanda mabegani, na ile sauti ambayo haikutoka siku ya mvua, wala polisi, wala saluni, wala mbele ya hakimu, ikatoka sasa, mbaya, ya juu, isiyo na maneno hata moja.

Alilia mpaka kwikwi zikamshika. Mhudumu alihamisha kiti chake akaja kukaa upande wake, akamsogezea boksi la karatasi, wala hakumwambia anyamaze.